Supavaiza amekataa utafiti wangu wa TikTok na sonona, anasema dodoso la siku moja halijibu swali. Nieleweshwe jamani

Bintimkubwa_Dom

Habarini wakuu, poleni na majukumu. Niko mwaka wa tatu nasoma saikolojia, saa hizi tunaandaa andiko la utafiti na mimi mada yangu ni kwamba TikTok inawasababishia wanafunzi wa chuo msongo wa mawazo. Plani yangu ilikuwa nitoe kopi za dodoso steshenari, nizigawe hosteli na kantini, mtu anajaza anatumia TikTok masaa mangapi kwa siku, halafu ukurasa wa pili anajaza yale maswali 9 ya PHQ-9 ya kupima sonona (depression), basi naingiza kwenye SPSS, ile programu ya takwimu, naangalia kama wanaoshinda TikTok ndo wenye maksi kubwa.

Supavaiza kanirudishia, kaandika pembeni kwa peni nyekundu kwamba njia hii haijibu swali langu, nikasome upya mambo ya metodolojia. Nimesoma, lakini vitabu vinazunguka tu. Mimi ninachojiuliza ni hiki, kama kweli nitakuta wanaotumia sana wana sonona na wasiotumia wako vizuri, ushahidi gani mwingine unatakiwa hapo? Mbona kitu kinaonekana waziwazi. Na kaka yangu anayesoma uhandisi kila nikimsimulia ananiambia saikolojia si sayansi, ni maoni ya watu yaliyowekewa asilimia, na hilo linaniuma kwa sababu naipenda hii fani na nataka nifanye kazi ya maana sio karatasi ya kumalizia chuo.

Mwenye uelewa anisaidie kwa Kiswahili cha kawaida. Natanguliza shukrani.

---

takwimu_na_chai

Mdogo wangu, huyo supavaiza kakupenda, bora akurudishe sasa hivi kuliko jopo likuulize siku ya kutetea ukakosa pa kushika.

Tufanye umeshakusanya na umekuta kweli wenye masaa mengi ya TikTok ndo wenye maksi kubwa za sonona. Hadithi yako inasema TikTok ndo imeleta sonona. Sawa, lakini mtu mwenye sonona anaishije? Hana usingizi, hataki kuonana na watu, saa nane ya usiku kajifunika shuka na simu usoni. Huyo sonona ndo imempeleka TikTok, na dodoso lako la siku moja litamuandika vilevile kama yule wa kwanza, hakuna safu yoyote kwenye SPSS itakayokuonyesha nani alitangulia. Halafu kuna wa tatu: bumu (hela ya mkopo wa chuo) limechelewa, ana masomo mawili ya kurudia, nyumbani mzazi anaumwa. Huyo yuko TikTok kwa sababu hana hela ya kutoka na ana sonona kwa sababu ya hayo mengine yote. Vitu viwili vinapanda pamoja na hakuna kati yao kilichomgusa mwenzake.

Na usione ni kosa la wanafunzi tu. Mwaka 1999 jarida la Nature, jarida kubwa kabisa, lilitoa utafiti wa madaktari wa Pennsylvania huko Marekani kuhusu watoto wanaolala na taa kabla ya kufika miaka 2. Waliolala gizani waliokuja kuwa na tatizo la kutoona mbali walikuwa asilimia 10, waliolala na kitaa kidogo asilimia 34, na waliolala taa ya chumba ikiwaka asilimia 55. Namba zinapanda kama ngazi, ukiziona unasema hapa nini tena kimebaki, wazazi zimeni taa. Mwaka uliofuata watafiti wengine wakarudia kwa watoto wengine, uhusiano wa taa hawakuuona, ila wakakuta wazazi ambao wenyewe hawaoni mbali ndo wenye tabia ya kuacha taa inawaka usiku. Na macho ya namna hiyo yanarithiwa. Kwahiyo kitu cha tatu kilikuwa mzazi, na kwenye utafiti wa mwanzo alikuwa hajaulizwa.

Sasa ukitaka kusema hiki kimesababisha kile, njia imara kuliko zote ni wewe mwenyewe uamue nani anapata na nani hapati, na uamue kwa kura ya bahati nasibu. Sio kwa kuomba wanaojitolea kuacha TikTok waje upande huu, hapana, wanaojitolea kuacha tayari ni watu tofauti. Kwa kura. Kura haijui nani kaachwa na mpenzi wake wala nani ana ada ya kudaiwa, kwahiyo shida zote, hata zile ambazo hujawahi kuzifikiria, zinagawanyika karibu sawa pande zote mbili ilimradi watu wawe wa kutosha. Baada ya hapo tofauti ikitokea, na ikawa kubwa kuliko ile inayoweza kuletwa na bahati peke yake, unakuwa na haki ya kunyoosha kidole.

Kwenye mada yako hiyohiyo jaribio la kura limeshafanyika, ila kwa Facebook. Wachumi wa Marekani mwaka 2018, kabla ya ule uchaguzi wao wa Novemba wa katikati ya muhula wa rais, waliwalipa watu dola 102 wafunge akaunti zao wiki 4, wengine wakaachwa waendelee, na aliyechagua nani aingie wapi ni kompyuta. Waliofunga walipata kama dakika 60 zaidi kwa siku, hali yao ya moyo ikawa nzuri zaidi, lakini kwa kiasi kidogo, na habari za siasa wakawa hawazijui vizuri kama wenzao. Angalia hilo neno kidogo, ukisikiliza wanavyohubiri watu mitandaoni ungetegemea mtu aamke amepona kabisa.

Na hapa kwetu jirani kuna ule wa Rarieda, Kenya, wa Haushofer na Shapiro uliotoka mwaka 2016. Kaya zenye nyumba za nyasi zikapewa hela taslimu bila masharti kupitia shirika la GiveDirectly, zipi zipate ikaamuliwa kwa bahati nasibu, hata mke apokee au mume nayo kura, kwa mkupuo au kila mwezi kura. Wakapima saikolojia ya watu kwa maswali na wakachukua na mate wapime homoni ya msongo, kotisoli. Kwenye maswali, waliopata hela walikuwa na furaha zaidi na msongo pungufu. Kwenye mate, ukichukua wastani wa wote, kotisoli haikubadilika. Wangeweza kuficha hilo la pili lakini wakaliandika. Mwambie kaka yako wa uhandisi asome hapo.

Tatizo lingine kwenye andiko lako na hili ni la kurekebisha leoleo: mada inasema msongo wa mawazo, kipimo ulichochukua ni cha sonona. PHQ-9 imetengenezwa kuuliza dalili za sonona za wiki 2 zilizopita, kila swali 0 mpaka 3, jumla 27. Mtu anaweza kuwa na msongo wa mtihani na sonona asiwe nayo. Chagua kimoja.

---

Mpenda_ukweli

Mimi niko upande wa kaka mtu. Hivi vitu vyote mnavyosoma vimepimwa kwa Wazungu, vinaletwa hapa vinatafsiriwa basi inaitwa sayansi. Mwaka 2008 kuna mwanasaikolojia wa Marekani kwao hukohuko, Arnett, alipitia majarida makubwa ya chama chao akakuta asilimia 68 ya waliopimwa ni Wamarekani, na asilimia 96 ni nchi za Magharibi zilizoendelea. Na wengi wao wanafunzi wa chuo wanaotafuta maksi za nyongeza. Halafu mnatuambia akili ya binadamu. Binadamu yupi? Na mwaka 2015 wakarudia tafiti 100 za saikolojia zilizokuwa zimeshachapwa, zilizotoa jibu lilelile kwa vigezo vya takwimu zilikuwa asilimia 36 tu. Binti soma, cheti upate, lakini usije ukaamini sana.

---

Kiptoo_wa_Bomet

@Mpenda_ukweli hizo namba zako ziko sawa kabisa ndugu, lakini angalia nani amezitoa. Ni wanasaikolojia wenyewe walikaa chini wakahesabu makosa yao wakayachapisha, ile ya 2015 ilitoka kwa jarida la Science na walioandika ni watafiti zaidi ya mia mbili. Unajua fani ngapi zimejikagua hivyo mbele ya watu? Kwangu mimi hiyo ndiyo inanifanya niiamini zaidi.

Na si kweli ati kila kitu kilipimwa ng'ambo. Wacha nikuambie kitu cha huku kwetu Ukipsigis. Miaka ya hamsini kulikuwa na tafiti Uganda zilizosema watoto wa Kiafrika wanakua haraka kimwili kuliko wa Kizungu, wanakaa na kutembea mapema, na watu wakaanza kusema hiyo ni damu, ni maumbile ya rangi. Sasa akaja Charles Super miaka ya sabini, yeye na Sara Harkness wakaishi Kokwet, kijiji cha Wakipsigis magharibi mwa Kenya. Hakuja na dodoso la siku moja. Walikaa hapo wakiangalia mama wanafanya nini na mtoto tangu asubuhi.

Wakaona mama wanafundisha. Kukaa kunafundishwa kabisa kama somo: mtoto akifika miezi kadhaa anachimbiwa kashimo kadogo chini, kanatandikwa blanketi, anawekwa humo ameegemezwa mgongo vizuri, kila siku. Kutembea vilevile, anashikwa kwa makwapa anasimamishwa. Hata shosho yangu alifanya hivyo na watoto wote wa boma. Na ukilinganisha na Amerika hawa watoto walikuwa wanakaa na kutembea kama mwezi mmoja mapema hivi.

Lakini utamu uko hapa. Super hakuishia kuangalia vitu ambavyo watoto wetu wako mbele, aliangalia pia vile ambavyo hawako mbele. Kama ni damu basi kila kitu kingekuja mapema, si ndiyo? Kutambaa, kugeuka, vyote. Lakini kutambaa hakuna mama anafundisha Kokwet, mtoto mchana kutwa yuko mgongoni au mapajani mwa dada yake, na kutambaa hawakuwa mbele hata kidogo. Kilichofundishwa kilikuja mapema, kisichofundishwa hakikuja. Hiyo ndiyo metodi ndugu yangu, unatafuta mahali ambapo hadithi mbili zinatabiri vitu tofauti halafu unaenda kuangalia hapo. Ile ya damu ilianguka hapo Kokwet, na haikuhitaji mashine yoyote.

Ukiongeza ya Zambia utashangaa. Robert Serpell mwaka 1979 alichukua watoto wa Lusaka na wa Manchester, Uingereza, akawapa mifano wainakili. Kwa kalamu na karatasi Waingereza wakashinda. Ukichukulia hiyo peke yake unaandika ati mtoto wa Zambia ana shida ya kuona maumbo. Yeye akawapa tena kazi ileile kwa waya, zile tunatengenezea magari ya kuchezea, Wazambia wakashinda. Kwa udongo wa mfinyanzi wakawa sawa. Watoto ni walewale na uwezo ni uleule, kilichobadilika ni kile amepewa mkononi. Kwa hivyo @Mpenda_ukweli mimi nakubaliana na wewe kipimo cha mtu mwingine kinaweza kukudanganya, lakini aliyetuonyesha hivyo alionyesha kwa kupima, si kwa kubishana.

---

Mpenda_ukweli

Hilo la waya sikuwa nalijua. Nimelipokea mkuu.

---

mama_Neema_Mwanza

Mwanangu Binti nikuongezee upande wa kazi za mtaani, maana nimezunguka sana na madodoso ya watu nikiwa mkusanya data kabla sijaajiriwa kwenye ushauri nasaha shuleni.

Dodoso unalogawa kantini, wanajaza marafiki wawili watatu wamekaa meza moja wanachunguliana. Unadhani kuna kijana atazungushia "karibu kila siku" kwenye swali la kujiona hana thamani wakati mwenzake anatazama? Hajazi ukweli, na wewe utaondoka na sifuri nyingi ukidhani chuo kizima kina afya. Tafuta chumba, mmoja mmoja, karatasi isiwe na jina wala namba ya usajili, na wewe mwenyewe ukae mbali.

Lingine, wanaokaa kantini saa nne asubuhi si wanafunzi wote. Yule mwenye sonona nzito hajatoka kitandani. Ukigawa kantini umeshamtoa mtu ambaye utafiti wako unamhusu kuliko wote. Omba orodha ya darasa, chagua kwa bahati nasibu, umfuate mpaka umpate.

Na masaa ya TikTok usimuulize mtu, hakuna anayejua. Muombe afungue mipangilio ya simu, kuna sehemu inaonyesha kila programu imetumika muda gani kwa siku, aandike ile namba aliyoiona.

Halafu wewe mwenyewe na utakaowatuma mjihadhari na nyuso zenu. Mwanzoni mwa karne iliyopita kule Berlin alikuwepo farasi, Hans, wanasema anajua hesabu, unamuuliza anagonga kwato mpaka jibu sahihi anaacha. Mwenye farasi hakuwa tapeli, aliamini kabisa. Mwaka 1907 Oskar Pfungst akamchunguza kwa subira, akamuuliza kwa kutumia watu wasiojua jibu, farasi akakosa. Akamzuia asimuone anayeuliza, akakosa. Kumbe alikuwa anasoma mwili wa muulizaji, ule mkao unavyolegea kidogo kwato ikifika kwenye jibu, na muulizaji hajui kama analegea. Sasa kama farasi anakusoma, mwanafunzi mwenzako atakosaje kukusoma? Wewe umeshaamini TikTok mbaya, ukisimama mbele yake utatikisa kichwa akisema masaa 7 na atajua unataka jibu gani kwenye swali linalofuata. Anayekusanya data, kama inawezekana, asijue kabisa unatafuta nini.

Na usidharau kuangalia kwa macho, vijana mnaona bila SPSS si utafiti. Mary Ainsworth, huyu mnayemsoma kwenye mambo ya mtoto na mama, msingi wa kazi yake hakuupata maabara Marekani, aliupata Uganda. Mumewe alipata kazi taasisi ya utafiti pale Kampala, mwaka 1954 akafuatana naye, akaenda vijiji vya jirani kwa Waganda, familia 26, akiwatembelea kila baada ya wiki 2 kwa miezi, kila safari kama masaa mawili, amekaa sebuleni mchana muda ambao akina mama wa pale wanapokea wageni, na mkalimani wake Katie Kibuka pembeni. Anaandika mtoto analia lini, anamfuata nani kwa macho, mama akitoka chumbani mtoto anafanyaje, mama akirudi anafanyaje. Watoto waliotulia wakawa ni wa mama wanaojua kusoma dalili za mtoto wao, wakiulizwa habari za mtoto wana mengi ya kusema. Kitabu chake cha Uganda kilitoka 1967. Lile jaribio la dakika 20 la mama kutoka na kurudi ambalo liko kwenye kila kitabu cha saikolojia lilikuja baadaye, Baltimore huko Marekani, na hata huko alikuwa anazitembelea familia majumbani mwaka mzima.

---

Bintimkubwa_Dom

Jamani asanteni, nimesoma yote mpaka nimeanza upya. Mama Neema shikamoo, na nashukuru sana.

Kwahiyo nimefikiria hivi. Kuwazuia watu TikTok kwa kura natamani lakini siwezi kuwalipa, na muda ninao wa muhula mmoja tu. Nikisema nipime uhusiano badala ya kusababisha, nipime mara mbili, mwanzo wa muhula na karibu na mitihani kwa watu walewale, nione kama aliyeanza na TikTok nyingi ndo maksi zake za sonona zinapanda baadaye au aliyeanza na sonona ndo TikTok yake inapanda, hapo nitakuwa nimesogea? Nitauliza na habari za ada, masomo ya kurudia na usingizi. Orodha ya darasa nitaomba kwa afisa taaluma. Na watu wasio na majina nitawaunganishaje mara ya kwanza na ya pili?

---

takwimu_na_chai

Umesogea sana. Haitakupa uhakika wa kura, kitu cha tatu ambacho hujakiuliza kinaweza kuwa bado kimejificha, na hilo uliandike wazi kwenye sehemu ya mapungufu, lakini nani katangulia utaanza kuona. Kuwaunganisha ni rahisi, mwambie kila mmoja ajitungie kodi, yaani alama ya siri badala ya jina, ambayo hawezi kuisahau, mfano herufi mbili za mwanzo za jina la mama na tarehe ya kuzaliwa ya ndugu anayemfuata, anaandika ileile mara zote mbili na wewe hujui ni nani. Andaa watu wengi kuliko unaowahitaji kwa sababu raundi ya pili wengine hawatarudi, na angalia kama waliopotea ndo waliokuwa na maksi kubwa. Na nadharia tete yako, yaani jibu unalotegemea kulikuta, iandike, weka tarehe, mpe supavaiza kabla hujagusa data, usije ukaona majibu ndo ukatunga swali.

---

mama_Neema_Mwanza

Marhaba mwanangu. Kuna jambo hapo lazima ulipange kabla hujatoa kopi hata moja. Swali la 9 la hilo dodoso linauliza kama mtu amekuwa na mawazo ya kwamba ni heri afe au ya kujidhuru. Katika watu wote hao kuna atakayeweka alama. Na wewe umetumia kodi, hujui ni nani. Utafanyaje?

Ndo maana kibali cha maadili si karatasi ya kusumbua watu. Watson na Rayner mwaka 1920 walimfundisha mtoto mchanga kuogopa panya kwa kumgongea chuma nyuma ya kichwa, halafu mtoto akaondoka hospitali bila kuondolewa ile hofu, na vitabu vinaendelea kulisimulia kama jaribio maarufu. Wewe usimuache mtu hivyo. Ongea na mshauri nasaha wa chuo mapema akubali kupokea watu siku hizo, namba yake na mahali alipo uchape chini ya kila dodoso, na kila anayemaliza kujaza apewe hiyo taarifa mkononi awe ameweka alama au hajaweka. Au tumia ile yenye maswali 8, PHQ-8, imeondoa hilo la mwisho na inatumika kwenye tafiti, ila na hapo namba ya mshauri iache palepale kwenye dodoso. Muulize supavaiza anapendelea ipi, halafu uje utuambie kamati ya maadili imesemaje.